Mwiba, Tonge na Umio

Bungu, pale njia ya Nyamisati inapoachana na barabara ya Kilwa, samaki wa delta hakosi mezani. Mwiba ukimkwama mtu kooni, ushauri ni ule ule wa mabibi: finyanga tonge la ugali, limeze zima, usitafune. Mara nyingi mwiba unashuka, na tonge linapewa sifa. Lakini miiba mingi ingeshuka yenyewe, na mingine iko kwenye findo tu, ambako daktari huiona kwa tochi na kuichomoa kwa koleo.

Balaa ni ule uliojikita kwenye umio. Bomba hili lina urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, na limebanwa mahali patatu: nyuma ya zoloto, kifuani linapopitana na mshipa mkuu wa damu, na linapopenya kiwambo. Mwiba ukinasa hapo, tonge linaugongomelea kama nyundo.

Ukuta wa umio nao ni dhaifu. Mfuko wa chakula una utando wa nje na damu tele. Ukitoboka, ukishonwa hushika vizuri. Umio hauna utando huo. Tundu dogo tu linatosha kumwaga mate na vijidudu jirani na moyo. Mwaka 1724 tabibu Mholanzi Herman Boerhaave aliandika habari za amiri wa jeshi la majini aliyepasuka umio kwa kujitapisha baada ya mlo mnono. Alipompasua maiti kifua, alinusa harufu ya bata aliyeliwa.

Kwa hiyo anayeshindwa kumeza hata mate, mwenye homa au maumivu ya kifua, au aliyevimba shingo ikawa inatatarika chini ya vidole, asipewe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali, hata ikibidi Muhimbili, zaidi ya kilomita 100. Eksirei peke yake isimridhishe mtu, kwani miiba mingi haionekani. Mwiba huchomolewa kwa darubini ya kooni. Umio ukiwa umetoboka, huongezwa dawa za kuua bakteria kwa mshipa, na mara nyingi upasuaji wa kuziba tundu na kutoa usaha, heri ndani ya saa 24. Mgonjwa analishwa kwa mpira. Siku kadhaa baadaye humezeshwa dawa inayoonekana kwenye eksirei. Isipovuja, ndipo anapoonjeshwa maji, kijiko kwa kijiko.