Mwanafunzi wa Chuo Asisome Peke Yake

Kila mwaka vijana wa Mweso, katika Masisi, hufunga mizigo yao na kwenda Goma, mwendo wa karibu kilometa 100, kutafuta elimu ya juu. Nyuma ya kila mmoja wao iko jamaa nzima. Baba ameuza mbuzi, mama ameuza magunia ya maharage, na wadogo wanangoja zamu yao. Basi kijana akianguka mwaka wa kwanza, haanguki yeye peke yake.

Zamani safari hii ilikuwa ndefu zaidi. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu, bila kuhesabu mapadre, hawakuzidi 30. Siku hizi vyuo vimesogea. Chuo Kikuu cha Goma kilianza mwaka 1993 kama tawi la kile cha Kisangani, na tangu mwaka 1989 Bukavu na Butembo zina vyuo vikuu vya Kikatoliki. Lakini kuufikia mlango si kuingia ndani.

Kwa nini kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule ya sekondari hushindwa chuoni? Si kwa sababu akili zimemtoka. Sekondari mwalimu alimjua kwa jina, akamwandikia somo ubaoni, akamsahihisha daftari. Chuoni huketi kati ya watu wengi katika ukumbi mmoja. Profesa hufundisha kwa Kifaransa kizito, humaliza somo lote kwa siku chache, kisha huondoka. Kijana hatazami kushoto wala kulia. Hudhani ni yeye tu asiyeelewa. Huona haya kuuliza, hujifungia chumbani, husoma kurasa zile zile mpaka usiku wa manane. Kumbe jirani yake naye amejifungia vivyo hivyo!

Katika miaka ya 1970 mtu mmoja wa hesabu katika chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, jina lake Uri Treisman, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi Weusi walishindwa hesabu pale, na wenzao wa asili ya Kichina walifaulu. Wengine walisema: hawana bidii, au wazazi wao hawajali elimu. Treisman hakutosheka na maneno hayo. Alikwenda kuwatazama jinsi walivyosoma. Aliona kwamba wale walioshindwa walikuwa na bidii, na wazazi wao waliipenda elimu. Ila kila mmoja alisoma peke yake. Wale wengine walisoma kwanza peke yao, kisha walikutana, wakalinganisha majibu na kusahihishana. Hivyo aliyepotea alijua kwamba amepotea kabla ya siku ya mtihani. Treisman akaanzisha vikundi. Hakuwapa mafundisho mepesi ya kuwahurumia, bali maswali magumu ya kufikiri pamoja, nao wakaanza kufaulu.

Huko Kansas City, mwaka 1973, Deanna Martin alianza njia nyingine. Mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu somo fulani hurudi kulisikiliza tena pamoja na wapya, kisha huwaongoza katika mazungumzo baada ya darasa. Hawatafuti wanafunzi wajinga; wanatafuta masomo magumu. Kwa hiyo anayehudhuria haoni haya, kwa maana kila mtu amealikwa.

Wasomaji wapenzi, je, mambo haya ni mageni kwetu? Mama zetu hulimiana kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule, na palizi humalizika kabla ya mvua kuharibu kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vijana wetu na wapeleke ujima huo katika vitabu.

Lakini ujima una kanuni zake. Kwanza, kikundi kiwe kidogo, watu wanne au sita, chenye siku na saa isiyobadilika. Pili, kila mtu asome kwanza peke yake. Asiyeleta jembe hafai shambani. Tatu, vitabu vifungwe, na mmoja aeleze somo kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa cha mtihani. Wataalamu Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya juma moja, aliyejikumbusha somo bila kitabu hukumbuka zaidi kuliko aliyelisoma tena na tena. Nne, asiyeelewa aulize bila kuchekwa. Naye anayeeleza hapotezi wakati wake, maana hakuna ajifunzaye kuliko afundishaye.

Tena, tusichanganye msaada na udanganyifu. Kumweleza mwenzako jinsi ya kutafuta jibu ni msaada. Kumpa jibu anakili ni kumwibia elimu yake. Mgonjwa hatauliza muuguzi alipata alama ngapi. Ataponywa au atadhurika kwa kile ambacho muuguzi anakijua.

Liko jambo zito zaidi. Vita vya mwaka 1993 viliwagawanya watu wa Masisi na Walikale kwa makabila, na tangu hapo amani haijatulia. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yaliingia Goma yenyewe. Katika hali hiyo ni rahisi kijana kuketi na wa lugha yake tu. Lakini hesabu haina kabila. Wanne wanaosaidiana kabla ya mtihani, mmoja Mhunde, mmoja Mhutu, mmoja Mtutsi, mmoja Mtembo, wamejifunza kitu kisichoandikwa katika vitabu vyao. Wamejua kwamba kufaulu kwa mwenzao hakukuwapunguzia chochote.

Nao wanafunzi wa chuo wanaorudi Mweso wakati wa mapumziko wasikae bure. Wawakusanye wale wanaomaliza sekondari, chini ya mti au katika ukumbi wa parokia, wawaonyeshe jinsi ya kuandika maneno ya profesa kwa ufupi na jinsi ya kugawa saa za juma. Masaa machache ya kaka au dada aliyekwisha kupita njia hiyo yaweza kumwokolea mdogo wake mwaka mzima.

Nanyi wazazi, mtoto anapowapasha habari za masomo, msimwulize alama tu. Mwulizeni pia: unasoma na nani? Akijibu kwamba hana mtu, mjue kwamba yule aliyebeba matumaini ya nyumba nzima anaubeba mzigo huo peke yake. Mwambieni atafute wenzake leo, asingoje mtihani.