Kisu, Redio na Dira ya Mashua

Wasafiri wengi wa majini huamini kwamba dira huelekea kaskazini daima, popote iwekwapo. Sivyo. Sindano yake ni sumaku ndogo iliyo huru kuzunguka, nayo huongozwa na usumaku wa dunia, ambao ni dhaifu mno. Kisu cha jikoni, nyundo au kopo la chuma likiwekwa karibu nayo laweza kuipotosha, na nahodha asitambue.

Sufuria ya alumini na birika la shaba havina madhara. Kibaya zaidi ni redio, kwani spika yake ina sumaku ndani. Simu ya mkononi vivyo hivyo. Na hivyo ndivyo vitu ambavyo mshika usukani hupenda kuviweka ubavuni mwake!

Kosa la digrii 5 tu, katika safari ya kilomita 60, hukipeleka chombo kando ya njia kwa kilomita 5 hivi. Huko Ulaya, mwaka 1854, meli mpya ya chuma iitwayo Tayleur ilitoka Liverpool kuelekea Australia. Chuma cha meli yenyewe kilizipotosha dira zake. Ikagonga miamba ya kisiwa cha Lambay, Ireland, wakafa watu zaidi ya 300.

Umbali ndio kinga. Sumaku ndogo ikisogezwa mbali mara mbili, nguvu yake hupungua hadi sehemu moja ya nane. Mashua ikiwa imefungwa gatini, sogeza kila kitu polepole kuelekea dira, ukiitazama sindano. Inapoanza kugeuka, kirudishe kitu hicho nyuma sana, kisha kipatie mahali pake pa kudumu.