Nchi yenye Miji Mingi na Mto Mmoja

Wasomaji wengi wakisikia habari za Ulaya hudhani ya kuwa kila nchi ina mji mmoja mkubwa, kama London au Paris, na kila kitu chaelekea huko. Lakini ziko sehemu ambazo miji yake mikubwa ni mingi, imekaribiana, wala hapana mmoja ulio mkuu wa yote. Mfano wake ni Ruhr, magharibi ya Ujerumani, ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Hapo wakaa watu yapata milioni 5, chini ya mabaraza 53 ya miji. Essen na Dortmund kila mmoja una watu karibu 600,000; kisha iko Duisburg, Bochum, Gelsenkirchen na mingineyo, hata mgeni apitaye kwa gari la moshi hajui mji mmoja umekwisha wapi na wa pili umeanza wapi.

Asili yake ni makaa ya mawe. Zamani sehemu kubwa ilikuwa mashamba; makaa yalipochimbwa kwa wingi katika karne ya 19, kando ya kila shimo palitokea mtaa wa wafanya kazi, na mitaa ikakua kuwa miji. Essen ilifua chuma, Duisburg ikawa bandari ya mto Rhine, Dortmund ikapata sifa kwa chuma na bia. Hivyo mali haikukusanyika mahali pamoja tu, na mtu aliyekosa kazi mji huu aliweza kuitafuta mji wa pili. Lakini kila baraza lilitaka heshima yake. Hata upana wa reli za magari ya umeme katika mji mmoja haukulingana na wa jirani yake!

Shida kubwa ilikuwa maji. Kati ya miji hiyo wapita mto mdogo uitwao Emscher, urefu wake yapata kilometa 80, nao huingia katika Rhine. Kila mji na kila chimbo lilimwaga humo maji machafu. Mji wa juu ulijiona umekwisha takata. Kumbe uchafu wake umefika mlangoni pa mji wa chini. Tena uchimbaji uliifanya ardhi ititie, mto ukakosa mteremko, ukafurika na kutuama, na maradhi yakaenea. Mji mmoja peke yake haukuweza kuliponya jambo hilo, hata ungekuwa na fedha nyingi namna gani.

Basi mwaka 1899 miji, wilaya na wenye machimbo walifanya ushirika mmoja wa mto, na kila mwanachama alitakiwa kulipa kwa kadiri ya uchafu anaoutia na faida anayoipata. Mabomba ya chini hayakufaa, maana ardhi ikititia ingeyavunja. Kwa hiyo mto ulinyoshwa, ukatiwa saruji, ukawa mfereji wa wazi wa vinyesi. Mto Ruhr, ulio kusini, uliachwa kwa maji ya kunywa. Mpango huo uliokoa watu wengi. Walakini mimi naona haukuwa haki kwa wote, kwani waliokaa kando ya Emscher, wengi wao wachimba makaa, walivumilia uvundo muda wa karibu miaka mia.

Mwaka 1920 palifanywa chama kingine cha kupanga ardhi, nacho kilizuia mashamba na misitu iliyo kati ya mji na mji isijengwe. Nafasi hizo zaonekana hata leo.

Tangu mwaka 1958 biashara ya makaa ilianza kushuka, na chimbo la mwisho, huko Bottrop, lilifungwa mwaka 2018. Ardhi ilipotulia, mabomba yaliwezekana. Kazi ya kuuponya Emscher ilianza mwaka 1992. Bomba kuu lenye urefu wa kilometa 51 likalazwa chini, na mwisho wa mwaka 2021 mto uliacha kupokea vinyesi. Gharama yake ilizidi Euro milioni elfu 5. Samaki wamerudi.

Ardhi haikurudi. Mahali pengine imetitia zaidi ya mita 20, hata mitaa mizima iko chini kuliko mito, na pampu zavuta maji usiku na mchana ili nyumba zisigeuke ziwa. Machimbo yamefungwa, lakini pampu hizo hazina siku ya kuzimwa.