Angre inakwenda wapi mvua ikinyesha?



Asubuhi unatia angre ku shamba. Usiku mvua inanyesha. Kesho yake unarudi kuangalia: chembe hazionekani tena. Je, feza yako imekwenda na maji? Jibu linaanzia ndani ya chembe yenyewe.

Tuchukue mfuko wa NPK 17-17-17. Herufi K ni potasiumu. Mara nyingi inatiwa mule ikiwa imeshikana na klore.

Kila kitu kimejengwa kwa atomu, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kila atomu inazungukwa na elektroni. Potasiumu iko na elektroni 19, lakini moja iko inje peke yake na haikushikwa kwa nguvu. Klore iko na 17. Inje ziko 7, na inakosa moja tu ili zitimie 8. Basi potasiumu inatoa ile moja, klore inaipokea. Sasa kila moja iko na 18.

Mwenye kutoa anabakia na chaji ya kujumlisha (+), mwenye kupokea anapata chaji ya kutoa (−). Atomu za namna hii zinaitwa ioni. Zinavutana, zinapangana, na chembe inakuwa ngumu. Hata chumvi ya kupikia ni vile: sodiumu imetoa, klore imepokea.

Maji yakifika, yanaachanisha zile ioni. Ni katika hali hiyo mizizi inakunywa potasiumu. Kwa hiyo chembe kuyeyuka si hasara, ni kazi yake. Hasara ni mvua ikisukuma chakula chini, mahali mizizi haifike.

Nani atakishika? Udongo wa mfinyanzi na mboji viko na chaji (−), basi vinavuta potasiumu (+). Udongo wa mchanga, ao uliochoka bila mboji, unashika kidogo tu. Azoti ikiwa nitrati iko (−), udongo hauishiki vizuri. Ndiyo inakimbia ya kwanza.

Tufanye nini?

- Tutie samadi ao mboji iliyooza vizuri, ili udongo uwe na nguvu ya kushika.
- Tusimwage angre yote siku moja. Tuigawanye: kiasi wakati wa kupanda, ingine mimea ikiisha kukomaa kidogo.
- Kama mawingu ya mvua kubwa yako karibu, tungoje.
- Tusiweke chembe juu ya mbegu. Chumvi nyingi inanyima mbegu maji. Tuzifukie kando kidogo.

Basi, ku mkutano wa koperative, mbele ya kuchanga feza za mfuko mwingine, tuulizane kwanza: kila mmoja wetu iko na fungu la mboji kiasi gani nyuma ya nyumba?