Ahadi za mgombea Clarkston: zipi ziko mikononi mwa mji?

Uchaguzi wa mji ukikaribia Clarkston, vipeperushi vya wagombea huzagaa kwenye milango ya apatimenti. Vingi vinafanana: usalama, nyumba bora, shule nzuri, mabasi zaidi, bili za maji kupungua, nafasi kwa wafanyabiashara wadogo. Hakuna mtu wa kupinga lolote katika orodha hiyo. Shida ni kwamba karibu nusu yake diwani wa Clarkston hana mamlaka nayo. Mgombea anaweza kuyaahidi kwa moyo safi kabisa, akashinda, kisha akakuta hayako mezani kwake.

Clarkston ni mji mdogo pembezoni mwa Atlanta, ndani ya kaunti ya DeKalb, jimbo la Georgia, wenye wakazi wasiofika 15,000. Tangu miaka ya 1980 umekuwa ukipokea wakimbizi. Walitangulia Waasia, wakaja watu wa Pembe ya Afrika, Wabosnia na Wabhutani, na katika miaka ya karibuni Wakongo na Warundi, hata Kiswahili sasa kinasikika madukani na kanisani. Mkimbizi huruhusiwa kuomba uraia akishatimiza miaka 5 nchini. Kwa hiyo wengi wa walioingia mwaka 2016, ambapo Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokewa Marekani, tayari ni wapiga kura au wako njiani. Wagombea wanalijua hilo, ndiyo maana siku hizi unasalimiwa „jambo” na mtu usiyemfahamu. Wapo pia wenzetu waliokwisha kuingia ndani ya ukumbi wa halmashauri: Msomali Ahmed Hassan na Mweritrea Awet Eyasu wote wamewahi kuwa madiwani hapa.

Sasa tuichambue orodha. Shule za umma ziko chini ya wilaya ya elimu ya DeKalb, ambayo ina bodi yake inayochaguliwa peke yake. Mabasi ni ya MARTA, shirika linaloendeshwa kwa kodi ya mauzo ya kaunti na jiji la Atlanta. Maji ni ya kaunti: mwaka 2025 makamishna wa DeKalb walipitisha nyongeza ya asilimia 10 kila mwaka kwa miaka 10, ili kukarabati mabomba yaliyochakaa. Halmashauri ya Clarkston haikuombwa kura yake. Mgombea udiwani anayekuahidi kupunguza bili ya maji anaahidi mali ya jirani. Akikueleza ni kamishna gani atamwendea na atamwambia nini, hapo msikilize.

Pango ndilo linalouma kuliko yote, kwa sababu wengi wa wakazi ni wapangaji. Hapa ukweli ni mchungu: sheria ya Georgia inazikataza serikali za mitaa kuweka kikomo cha pango. Diwani yeyote, awe na huruma kiasi gani, hawezi kumzuia mwenye nyumba asipandishe. Kinachobaki mikononi mwa mji ni hali ya nyumba yenyewe: ukungu ukutani, mabomba yanayovuja, mende, ngazi zilizooza. Mji una maafisa wa ukaguzi, na unaweza kumpeleka mwenye nyumba katika mahakama ya mji. Lakini afisa hawezi kugonga kila mlango apendavyo, jimbo linataka awe na sababu ya msingi. Sababu hiyo mara nyingi ni malalamiko ya mpangaji, na wapangaji wetu wengi wananyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Tangu mwaka 2019 sheria ya Georgia inakataza mwenye nyumba kulipiza kisasi kwa mpangaji aliyelalamika. Mwaka 2024 ikaongezwa nyingine inayotaka nyumba ya kupanga ifae kukaliwa na binadamu, na amana isizidi pango la miezi 2. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgombea ni hili: utatenga fedha za wakaguzi wangapi, na mtu asiyejua Kiingereza atalalamika kwa njia gani?

Njia za waenda kwa miguu na taa za barabarani haziwapi watu msisimko, ila hapo ndipo diwani anapofanya kazi inayoonekana. Watu wengi hapa hawana gari, na mama anayesukuma kigari cha mtoto kandokando ya barabara yenye magari ya kasi hahitaji hotuba ndefu. Fedha zipo. Wapiga kura wa DeKalb waliidhinisha mwaka 2017, na tena 2023, kodi ya senti 1 kwa kila dola ya manunuzi kwa ajili ya miradi kama hiyo, na miji hupata mgawo wake. Ni halmashauri inayoamua mtaa upi uanze.

Viwanja vya michezo navyo viko chini ya mamlaka ya mji, na historia yake hapa si nzuri. Mwaka 2006 meya wa wakati huo, Lee Swaney, aliwazuia watoto wakimbizi kucheza soka katika uwanja wa mji, mpaka madiwani walipopiga kura kuiruhusu timu yao. Kura chache tu za ukumbini zilitosha kubadili jambo hilo.

Kwa upande wa biashara, leseni inatolewa na mji, ingawa kibali cha afya cha mgahawa kinatoka kwa idara ya afya ya kaunti. Polisi ni wa mji. Zimamoto ni ya kaunti.

Kwa maoni yangu, orodha nzuri ya mgombea wa hapa ni fupi na kavu: wakaguzi, njia za miguu, taa, bajeti inayosomeka. Mwenye orodha ndefu na tamu huenda hajawahi kuhudhuria kikao hata kimoja.

Asiye raia hawezi kupiga kura, lakini anaweza kusimama na kusema wakati wa maoni ya wananchi kikaoni. Walio raia wajue kwamba upigaji kura wa mapema huanza wiki 3 kabla ya siku ya uchaguzi na hugusa Jumamosi pia, jambo la kuwafaa wanaofanya kazi za zamu katika viwanda vya kuku. Kitambulisho chenye picha ni lazima. Asiyesoma Kiingereza anaruhusiwa kwenda na msaidizi anayemtaka, ila asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Uchaguzi ujao wa mji ni Novemba 2027, na daftari la wapiga kura hufungwa takribani mwezi mmoja kabla. Jiandikishe mapema.