Maji Kujaa na Maji Kupwa: Kuogelea Pwani ya Mashariki ya Unguja

Mada ya bahari huwasumbua wengi wanaosoma mbali na pwani. Sisi wa Kalenga tumezoea Mto Ruaha Mdogo. Mto una tabia moja: maji yake huenda upande mmoja, na kina chake hubadilika kwa majira ya mvua. Bahari ya Paje, Jambiani au Matemwe hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja tu, hata kama hakuna tone la mvua lililoanguka. Siku moja utafika huko, kwa ziara ya shule au kwa kazi, na mada hii itakuwa zaidi ya alama za mtihani.

Tuanze na chanzo. Maji ya bahari huvutwa na mwezi, na kwa nguvu ndogo zaidi huvutwa na jua. Dunia inapojizungusha, mwezi nao husogea katika njia yake, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12. Jua, dunia na mwezi vinapokuwa katika mstari mmoja, nguvu hizo huungana na tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani ya Zanzibar tofauti ya kina siku za bamvua hufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kwa pembe mraba, nasi tunapata maji mafu, ambapo tofauti huwa kama mita 1 tu. Wanafunzi wengi huandika kwamba bamvua hutokea mwezi mpevu pekee. Hapana, hutokea pia mwezi unapoandama. Ndiyo maana wavuvi wa pwani huhesabu siku za mwezi. Kwao hesabu hiyo ni ratiba ya kazi.

Sasa fika sehemu ambayo nataka uisome mara mbili. Pwani ya mashariki ya Unguja ina mwamba wa matumbawe ulio mbali kidogo na ufuko. Siku za bamvua maji hupwa kabisa asubuhi, karibu saa nne. Utaona mchanga na majani ya bahari mpaka karibu na mwamba, na mgeni hushawishika kutembea hadi huko. Kwenda hakuna shida. Shida ni kurudi, kwa sababu maji hayapandi kwa mwendo sawa. Gawa tofauti ya kina katika sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3.6, saa ya kwanza utaona sentimita 30 tu na utasema bado mapema. Saa ya tatu peke yake huleta sentimita 90. Mwisho wa saa hiyo maji yamepanda mita 1.8, yaani yamempita kimo mtu wa kawaida. Tena maji hutangulia kujaza mabonde ya mchanga, na baadhi ya mabonde hayo yako nyuma yako, kati yako na ufuko. Geuka maji yanapoanza kurudi, usisubiri yafike magotini.

Mwamba una milango, yaani nafasi ambazo maji hupitia. Maji yanapokupwa, yote yaliyokuwa ndani hutokea hapo kwa kasi, na muogeleaji anaweza kuvutwa nje. Akishindana na mkondo uso kwa uso atachoka, na kuchoka ndiko kunakozamisha. Aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke katika mkondo, kisha ndipo aelekee nchi kavu. Asiyeweza, aelee chali na kuinua mkono kuomba msaada.

Upepo nao una sehemu yake. Kusi, hasa Juni hadi Septemba, huchafua bahari na kuleta mawimbi makubwa yanayovunjika kwenye mwamba. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Februari au Machi, kwa kawaida ni mpole zaidi. Hapa pana mtego wa mtihani: Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi hupungua kasi, lakini haugeuki. Unaogeuka ni ule wa Somalia.

Bahari ikipwa saa isiyo yake, kimbia kwenda mwinuko. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la ardhi karibu na Sumatra lilisababisha tsunami iliyovuka Bahari ya Hindi, na hata katika pwani ya Tanzania watu walipoteza maisha.

Adabu ya bahari haitungiwi swali mara nyingi, nami naona ni pungufu. Kamba zilizofungwa kwenye vijiti ndani ya maji ni mashamba ya mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kuzikanyaga ni sawa na mtu kupita katikati ya mahindi yenu. Usiguse nyavu wala madema, usisimame juu ya matumbawe, na usimpige picha mtu bila kumwomba. Paje utakuta watu wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na vishada vikubwa. Usiogelee upande ambao upepo unawasukumia. Ukitoka majini vaa nguo kamili kabla ya kuingia kijijini. Na kabla ya kuingia majini, msalimie mtu mzima wa hapo: “Shikamoo mama, maji yanajaa saa ngapi leo?” Jibu lake ndiyo elimu ya ufuko ule.

Swali la kujipima. Leo maji yamepwa kabisa saa 4:10 asubuhi. Yatajaa lini, na kesho yatapwa saa ngapi asubuhi?

Jibu: ongeza saa 6 na dakika 12, utapata saa 10:22 alasiri. Kesho ongeza dakika 50 kwenye saa ya leo: saa 5:00 asubuhi.