Je, Wajua? Pango Lenye Kikomo Marekani

Je, wajua kwamba sheria ya mwaka 1969 iliyosukumwa na Seneta Edward Brooke wa Massachusetts ilizuia wapangaji wa nyumba za umma kutozwa zaidi ya asilimia 25 ya kipato chao? Mwaka 1981 ikawa 30.

Je, wajua kwamba nyumba nyingi za bei nafuu zinazojengwa huko siku hizi si mali ya serikali? Tangu 1986 wawekezaji binafsi hupunguziwa kodi ya mapato, na kwa malipo hayo hukubali pango liwekewe kikomo.

Je, wajua kwamba kikomo hicho hakiangalii mfuko wako? Huanzia kwenye kipato cha kati cha eneo zima, ambacho Wizara ya Nyumba, HUD, hukitangaza kila mwaka. Tuseme asilimia 60 ya kipato hicho, kwa familia ya watu watatu, ni dola 48,000 kwa mwaka. Asilimia 30 yake ni 14,400. Gawa kwa 12, unapata 1,200 kwa mwezi. Fundi anayeingiza 48,000 na mfagizi anayeingiza 25,000 wanaweza kutozwa sawasawa. Ndiyo maana nyumba "nafuu" humkaba aliye chini kabisa.

Je, wajua kwamba kila chumba cha kulala huhesabiwa mtu mmoja na nusu? Vyumba viwili ni watu watatu, hata kama unaishi peke yako. (Huyo nusu mtu ni wa kwenye makaratasi tu.)

Umeme na maji? Vimo ndani ya kikomo. Ukijilipia mwenyewe, makadirio yake hutolewa kwenye pango. Simu haimo.

Je, wajua kwamba kipato cha eneo kikiporomoka, kikomo hakishuki chini ya kile cha mwanzo wa mradi? Mwenye nyumba amekingwa vizuri.

Ukipandishwa mshahara hufukuzwi.

Mwenye vocha ya serikali ya kusaidia kulipa pango, mpango ulioanza 1974, kwa kawaida hutoa kama asilimia 30 ya kipato chake mwenyewe, serikali ikajazia. Nyumba hizi za nafuu ya kodi haziruhusiwi kumkataa kwa sababu ya vocha yake.

Na kikomo kina mwisho: kwa kawaida miaka 30. California hudai 55.